Chama karudi au chama limerudi? Jina la mtu linapokuwa neno la mpira

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi na wenzangu tumebishana mpaka tukashindwana. Mmoja wetu aliandika "Chama limerudi". Nusu yetu tukaelewa kuwa anamzungumzia Clatous Chama, nusu tukaelewa anaisema timu yake. Inakuwaje neno moja liwe jina la mtu na papo hapo liwe lugha ya mpira? Na huyu "pilato" ambaye watangazaji wanamtaja kila refa akipuliza kipenga, ndiye Pilato yule yule? Nani kati yetu alikosea?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na ubishi wenyewe, maana jibu lake limo ndani ya sentensi mliyobishania. Waliosema ni timu ndio walioelewa. "Chama limerudi" haiwezi kumhusu mchezaji. Mwenzenu angetaka kumtaja Clatous Chama angeandika "Chama amerudi", au kama tunavyosema mitaani, "Chama karudi". Na angetaka kutaja chama cha siasa, au chama cha soka cha wilaya, angeandika "chama kimerudi". Masikioni neno ni lile lile na herufi ni zile zile, lakini kiambishi kidogo kinachotangulia kitenzi kimeshatenganisha mambo matatu: a- ni mtu, ki- ni jumuiya yenye katiba na viongozi, li- ni timu ambayo shabiki anaiita yake.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi huulizwa swali kama lako wakakimbilia kusema "itategemea muktadha". Muktadha unasaidia, ndiyo, lakini Kiswahili kimetupa kitu madhubuti zaidi. Kina ngeli, na ngeli hazikubali mtu na kitu vichanganyike kirahisi. Ukitaka kujua kama jina la mtu limeshageuka kuwa neno la kawaida, usianze kumuuliza aliyelisema. Tazama linavyotawala maneno yanayolifuata.

Tulichukue hili la Chama tulipekue kidogo, kwa kuwa sijui mfano mzuri kuushinda. Nomino "chama" asili yake ni ngeli ya KI-VI. Ile ch- ya mwanzo ni ki- iliyokutana na irabu, ndiyo maana wingi wake ni "vyama", na tunasema "chama changu", "vyama vyetu". Mashabiki wa soka Tanzania wakaichukua nomino hiyo wakaihamishia ngeli ya LI-YA: "chama langu limeshinda", "chama lako lina hali gani?" Uhamisho huo si kwamba hawajui sarufi. Kiswahili kina mazoea ya siku nyingi ya kutumia LI-YA pale mtu anapotaka kukikuza kitu au kukisema kwa mapenzi na kujigamba. Ndivyo mtu anavyokuwa jitu, na ndivyo utakavyosikia "lijamaa limefunga tena" likisemwa kwa kumsifia mshambuliaji mwenye mwili mkubwa. Shabiki anayesema "chama langu" anajua vizuri kabisa kuwa fundi wa kadi za uanachama angesema "chama changu". Amechagua langu kwa sababu anasema jambo jingine: ukubwa wa timu, na umiliki wake juu ya timu hiyo.

Sasa upande wa pili. Clatous Chama ni kiungo kutoka Zambia, na jina lake limekuja naye kutoka huko, ambako linajulikana kama jina la mtu. Halina undugu wowote na chama chetu cha ushirika wala cha siasa. Ni maneno mawili yaliyozaliwa mbali mbali yakakutana kwenye uwanja mmoja mwaka 2018, mchezaji huyo alipojiunga na Simba. Wanaisimu huyaita maneno ya namna hiyo homonimu: umbo moja, asili tofauti. Na angalia jinsi jina lilivyokataa kabisa kuguswa na sarufi ya nomino. Wakitokea ndugu wawili wa ukoo huo hatusemi "Vyama wamefika". Tunasema "akina Chama wamefika". Ile ch- ambayo kwenye nomino ni kiambishi kinachobadilika, kwenye jina la mtu imeganda.

Maisha ya mchezaji mwenyewe yakawapa mashabiki nafasi ya kuucheza mchezo huu wa maneno kila msimu. Mwaka 2021 alikwenda RS Berkane ya Morocco, Januari 2022 akarudi Simba, na mwaka 2024 akavuka kwenda Yanga. Hebu fikiria shabiki wa Simba siku ya habari ile akisema: "Chama kaliacha chama." Maneno matatu, na hakuna msemaji wa Kiswahili anayepotea. Ka- inasema aliyeacha ni mtu, -li- iliyo katikati ya kitenzi inasema kilichoachwa ni timu. Ukibadilisha kiambishi kimoja tu, ukasema "Chama kakiacha chama", umeshamtoa mtu kwenye klabu ukampeleka kwenye mkutano wa wanachama akirudisha kadi. Ndiyo maana nimesema ubishi wenu una jibu la uhakika.

Mgongano wa namna hii si wa Chama peke yake. Wakenya wameishi nao kwa Victor Wanyama, yule kiungo aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars na aliyeifungia Celtic goli la kichwa katika ushindi wa 2-1 dhidi ya Barcelona, Novemba 2012. Wanyama ni jina la Waluhya. Kwa Kiswahili, wanyama ni wingi wa mnyama, na Mnyama, kwa shabiki yeyote wa Tanzania, ni Simba SC. Hapa ngeli zote mbili ni A-WA, kwa hiyo ungedhani sarufi itashindwa. Haishindwi, kwa sababu jina lina umbo la wingi lakini linabeba umoja. "Wanyama amefunga" ni mtu mmoja. "Wanyama wamefunga" ni kundi. Mtangazaji akiteleza hapo, wasikilizaji humsahihisha papo hapo.

Pagumu ni pale neno la mpira lenyewe linapotaja watu au timu kana kwamba ni mtu. Chukua "kibonde". Kwenye habari za michezo, kibonde ni timu dhaifu, ile ambayo kila mpinzani anaihesabia pointi tatu kabla mechi haijachezwa. Na Kibonde ni jina la ukoo pia. Wengi mnamkumbuka marehemu Ephraim Kibonde, mtangazaji aliyefariki mwaka 2019. Sasa "kibonde amefika" na "Kibonde amefika" zinafanana neno kwa neno, kwa sababu kibonde wa mpira, ijapokuwa ana ki- mwanzoni, anachukuliwa kama kiumbe hai, sawa na kipofu, kiziwi na kijana. Tunasema "kibonde wa ligi", hatusemi "kibonde cha ligi". Kwa hiyo kiambishi cha kitenzi hakitakusaidia. Kitakachokusaidia ni wingi: neno la mpira linakwenda "vibonde wa kundi", jina linabaki "akina Kibonde". Na kama hakuna wingi, tazama kama neno limekubali kufungwa na "wa": kibonde wa nani, kibonde wa ligi gani. Jina la mtu halihitaji kuelezwa ni la wapi ndipo lieleweke.

Sasa nije kwa pilato, ambaye ni jambo tofauti kabisa. Swali lako lilikuwa kama ni Pilato yule yule. Ndiyo, ni yule yule. Hapa hakuna maneno mawili yaliyokutana kwa bahati. Ni jina la mtu mmoja, Pontio Pilato, liwali wa Kirumi aliyemhukumu Yesu, ambalo limetoka kwenye Injili likaingia kwenye kabumbu na kuvaa maana ya mwamuzi. "Pilato akapuliza kipenga", "pilato wa mchezo wa leo", "pilato akaenda kwenye mfuko akatoa kadi nyekundu". Mkristo na Mwislamu wanalitumia vile vile, na anayelitumia mara nyingi hata hakumbuki habari ya mtu aliyenawa mikono.

Kwa nini Pilato na si hakimu mwingine yeyote? Maandiko yamejaa waamuzi. Sulemani alihukumu, na hukumu yake ikasifiwa kwa hekima. Lakini refa hakuitwa sulemani. Maoni yangu ni kwamba waliombatiza refa jina hilo walikuwa wanaona picha nzima: mtu mmoja amesimama mbele ya umati, umati unapiga kelele ukitaka uamuzi fulani, naye lazima atamke, na akishatamka haibadiliki. Kiti cha hukumu chenye umati unaozomea kinafanana zaidi na uwanja wa mpira kuliko baraza tulivu la mfalme. Na kuna uchungu kidogo ndani yake pia, kwa kuwa Pilato alimwona mshtakiwa hana hatia na bado akamtoa. Shabiki aliyenyimwa penalti anaelewa. Hata hivyo leo neno limepoa. Mwandishi anaweza kuandika "pilato alichezesha vizuri" bila kuona mgongano wowote, na hiyo ndiyo dalili kwamba jina limekwisha kukomaa kuwa nomino. Limeiacha tabia ya mwenye jina likabaki na kazi yake tu.

Sarufi inathibitisha. Pilato wa Injili ni mmoja, hana wingi. Wa mpira wana wingi: "mapilato wameteuliwa". Ile ma- ni ile ile tunayowapa marefa, makocha na mabeki, maneno ya kazi yaliyoingia kutoka nje yakapokewa. Jina likishavaa ma- ya wingi na bado watu wasione ajabu, basi limepewa uraia. Na herufi kubwa nayo hudondoka. Utaona gazeti moja likiandika "Pilato" na jingine "pilato", na kwa haki ni hili la pili lililo sahihi, kwa sababu anayetajwa si mtu mwenye jina hilo. Ndivyo ilivyotokea kwa dizeli. Rudolf Diesel alikuwa mhandisi, mtu mwenye jina na ukoo, lakini dereva anayejaza dizeli anaitaja kwa herufi ndogo na hana habari naye.

Mpaka hapa tumeona njia mbili: bahati ya maneno mawili kukutana, na jina la mtu kupewa wengine wenye kazi kama yake. Ipo ya tatu, na ndiyo inayopendwa zaidi na soka duniani kote. Mtu anafanya jambo mbele ya macho ya watu, jambo halina jina, jina lake linabandikwa juu ya jambo hilo.

Mfano ulio bora ni panenka. Tarehe 20 Juni 1976, Belgrade, fainali ya mataifa ya Ulaya. Chekoslovakia na Ujerumani Magharibi wametoka sare ya 2-2 baada ya dakika 120, wameingia kwenye mikwaju ya penalti. Wajerumani ni mabingwa wa Ulaya na mabingwa wa dunia kwa wakati ule. Uli Hoeneß anapaisha mpira juu ya mwamba. Anakuja Antonín Panenka na mkwaju ambao akifunga, kombe ni lao. Anakimbia kwa mbio ndefu, mbio za mtu anayekwenda kupiga shuti kali. Kipa Sepp Maier anaruka kushoto kwake. Panenka anapunguza mguu wakati wa mwisho kabisa, anaudokoa mpira kwa chini, mpira unapanda polepole na kushuka katikati ya goli, pale pale Maier alipokuwa amesimama nusu sekunde iliyopita. Mikwaju ikaisha 5-3. Panenka alikuwa ameshaifanyia mazoezi mbinu hiyo klabuni kwake, Bohemians ya Prague, kwa hiyo haukuwa wazimu wa dakika moja. Alijua kipa mkubwa hawezi kukaa tuli kwenye penalti ya namna ile.

Tangu siku hiyo, kila anayeudokoa mpira katikati kutoka kwenye nukta ya penalti amepiga panenka. Zinedine Zidane aliipiga kwenye fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2006, mpira ukagonga mwamba wa juu na kudondokea ndani ya mstari. Achraf Hakimi aliipiga Desemba 2022 nchini Qatar, na mkwaju huo ukaipeleka Morocco robo fainali na kuwatoa Hispania. Na huku kwetu mtangazaji anasema "amepiga panenka" bila kueleza.

Sasa rudi kwenye kipimo chetu cha ngeli. Panenka mtu: "Panenka alipiga", "Panenka wa Bohemians". Panenka mkwaju: "panenka ilipigwa", "panenka yake", "panenka zote mbili zimeingia". Mkwaju umepelekwa kwenye ngeli ya I-ZI, ambako tunapeleka vitu vingi vinavyotujia kutoka nje. Kuna pahali pengine pazuri zaidi, nako ni katikati ya kitenzi. "Amepiga panenka" ni penalti. "Amempiga Panenka" ni ugomvi, kuna mzee wa watu huko Prague amepigwa. Kiambishi -m- ndicho kinachomtambua mtu. Ukisikia "kampiga kipa panenka", -m- hiyo ni ya kipa, yeye ndiye aliyetendewa, na panenka imebaki kuwa kitu alichopigiwa, kama vile "kampiga kanzu" (kampitishia mpira juu ya kichwa) au "kampiga tobo" (kampitishia katikati ya miguu).

Nikutajie pia kwamba katika Kicheki chenyewe, panenka ni neno la kawaida lenye maana ya mwanasesere. Kwa hiyo neno hili lilianza kama nomino, likawa jina la ukoo, kisha ukoo ukalitoa tena kuwa nomino nyingine isiyohusiana na ya kwanza. Mcheki anayesoma habari za mpira anaishi na maana tatu ndani ya neno moja, kama vile sisi na chama.

Lakini usidhani kila tendo kubwa uwanjani linazaa neno. Mwaka 1970 huko Guadalajara, Mexico, kipa Gordon Banks wa Uingereza aliokoa kichwa cha Pelé kwa namna ambayo watu wanaizungumzia hadi leo. Haikuzaa neno. Nadhani sababu ni mbili: kuokoa kulikuwa na jina lake tayari, na hakuna kipa anayeweza kuamua asubuhi kuwa leo nitaokoa vile. Neno linahitaji kitu kinachoweza kurudiwa na mtu mwingine kwa makusudi. Panenka inarudiwa. Ule mgeuko wa Mholanzi Johan Cruyff dhidi ya Jan Olsson wa Sweden, Dortmund mwaka 1974, alipojifanya anapiga pasi kisha akauvuta mpira nyuma ya mguu wake na kugeuka, unarudiwa na watoto dunia nzima, na Waingereza wanautaja kwa jina lake. Kwetu haukushika. Tulikuwa na "chenga" tayari, neno linalokubali kila namna ya kumhadaa beki, na lugha haikuona haja ya kuligawa. Vivyo hivyo Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyeshinda kesi yake katika Mahakama ya Ulaya tarehe 15 Desemba 1995 na kuwafungulia mlango wachezaji waliomaliza mikataba. Waingereza wanasema mchezaji ameondoka "kwa Bosman". Sisi tunasema ameondoka bure, au ni mchezaji huru, na inatosha.

Hapa niongeze jambo moja la sarufi ambalo mimi hulipenda sana. Lugha nyingine, jina likishakuwa maarufu, hulifanya kitenzi. Wasweden walimtengenezea Zlatan Ibrahimović kitenzi "zlatanera", kwa maana ya kutawala kwa nguvu, na baraza lao la lugha likakiweka kwenye orodha ya maneno mapya ya mwaka 2012. Wabrazili walikwenda njia ya kivumishi: Aprili 2023, miezi michache baada ya kifo cha Pelé, kamusi ya Michaelis iliingiza "pelé" kwa herufi ndogo, kwa maana ya kitu au mtu asiye na mfano. Kiswahili hakipendi sana kulinyambua jina la mtu. Kinaliacha lilivyo na kuliwekea mbele kitenzi kimoja kinachobeba kila kitu: piga. Piga chenga, piga kanzu, piga tobo, piga kisigino, piga danadana, piga panenka. Kwa sababu hiyo majina yanaingia kwetu mazima mazima, bila kukatwa, na ndiyo maana yanaendelea kufanana na mwenye jina mpaka ngeli iingilie kati.

Wapo watakaokuuliza: na Tshabalala je? Mohamed Hussein, beki wa kushoto wa Taifa Stars, anajulikana zaidi kwa jina hilo la Siphiwe Tshabalala, Mwafrika Kusini aliyefunga goli la kwanza la Kombe la Dunia la 2010. Mwanahamisi Omary, aliyewika Simba Queens na Twiga Stars, anaitwa Gaucho, kwa Ronaldinho Gaúcho, na Ronaldinho mwenyewe alipewa hilo kwa kuwa ametoka Rio Grande do Sul, ambako wenyeji huitwa gaúcho. Hayo ni majina ya utani. Jina limehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mwingine, lakini bado linamwita mtu mmoja kwa wakati. Siwezi kusema "tshabalala wawili wa timu pinzani" nikimaanisha mabeki wa kushoto kwa jumla. Siku watu watakaposema hivyo, na msikilizaji akaelewa bila kuuliza, ndipo litakapokuwa neno la mpira kama pilato.

Mfano wa mwisho unakaa katikati, nao ni Claude Makélélé, kiungo mzaliwa wa Kinshasa aliyeichezea Ufaransa. Aliondoka Real Madrid mwaka 2003 kwenda Chelsea, na huko kazi ya kiungo anayekaa mbele ya mabeki na kukata mashambulizi ikaanza kuitwa kwa jina lake. Kwa Kiswahili, makelele ni kelele nyingi. Kwa hiyo kichwani mwa msikilizaji wetu zinagongana maana tatu, na ngeli inazipanga: "Makelele anakaba", ni mtu, "makelele yamezidi", ni uwanja, "timu haina Makelele wa kukaba", ni nafasi, ingawa imebaki na upatanisho wa mtu na herufi kubwa, kwa sababu bado tunamwona yeye tunapoitaja. Hilo la tatu liko njiani. Huenda likafika, huenda likaishia hapo.

Umeniuliza nani alikosea. Aliyeandika "Chama limerudi" hakukosea kitu. Waliodhani ni mchezaji waliliona jina wakaacha kusoma kiambishi. Ila vipo vichwa vya habari ambavyo kweli havina msaada. "CHAMA NI MOTO" kwa herufi kubwa zote: "ni" haina ngeli, na herufi kubwa zimefuta tofauti ya jina na nomino. "NANI KAMA CHAMA?" vile vile. Mkiandika wenyewe, tumieni kitenzi chenye kiambishi, au mwekeni mwenye jina kwa ukamilifu: "Clatous Chama ni moto", na kwa timu, "chama langu ni la moto". Pilato wa uwanjani aandikwe kwa herufi ndogo, wa Injili kwa kubwa. Panenka mkwaju kwa ndogo, Panenka mchezaji kwa kubwa. Na atakayekuambia kuwa "chama langu" ni kosa, lisahihishwe liwe "chama changu", mwombe aiseme sentensi hiyo mbele ya mashabiki dakika ya 90, timu ikiwa mbele kwa goli moja, asikilize wanavyomjibu.